Pikipiki Iliyokataa Kuondoka

Kuweka zipu kwenye suruali ni kazi ya mtu mwenye akili iliyotulia, na asubuhi ile akili ya Sindano ilikuwa mbali sana na kutulia. Alikwisha kuifumua zipu ileile na kuishona upya, na kila alipoirudia ilizidi kwenda upande. Cherehani yake ilikaa dirishani, dirisha lilitazama uani, na huko uani, mbele ya mlango wa stoo, Shangazi alikuwa amesimama mikono kiunoni akimngoja mtu ambaye alikataa katakata kumtaja.

"Nani anakuja, Shangazi?"

"Mtu wa kuondoa takataka."

"Takataka zipi?"

"Za stoo. Wewe shona suruali ya watu."

Jina la Sindano hakulipata kwenye ushonaji, msije mkadhani. Alipewa na Shangazi huyohuyo angali mtoto wa kutumwa dukani, kwa sababu ya mdomo wake, na alipokuja kujifunza cherehani watu walicheka wakasema jina limejitafutia kazi. Shangazi ndiye aliyemlea baada ya wazazi wake kufariki. Walikuwa wawili tu katika nyumba ile, wakigombana kutwa na kupikiana jioni, na hakuna mtu wa nje aliyewahi kumsema mmoja mbele ya mwenzake akaondoka salama.

Siku hiyo ilikuwa na uzito wake. Alasiri wangekuja ndugu za mwenye duka la vitambaa kuchukua jibu la posa. Mwenye duka alikuwa mtu mpole, aliyefiwa na mkewe, na kila alipomkatia Sindano kitambaa alimwongezea kipande kisichokuwa kwenye kipimo, kisha akajifanya amekosea kupima. Shangazi alimpenda. Sindano alimheshimu, na mara nyingi alikuwa amekaa peke yake akijaribu kuisukuma heshima ile isogee mbele kidogo. Vikombe vilikuwa vimeoshwa, foronya za mito ya viti zilikuwa mpya. Kilichokosekana ni jibu lenyewe, maana Sindano alisema atalitoa siku hiyohiyo, kwa mdomo wake.

Geti likalia. Sindano akainua macho, na mguu wake ukasahau kukanyaga.

Aliyeingia alikuwa na mfuko wa spana begani na dumu la petroli mkononi. Alikuwa amekomaa. Mabega yalikuwa mapana zaidi, na mvi chache zilianza kuchungulia karibu na masikio. Lakini namna ile ya kusimama, kama mtu anayeomba radhi kwa urefu wake, haikuwa imebadilika hata kidogo.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Stoo hiyo hapo. Nataka kabla ya alasiri chuma chako kiwe kimetoka, na wewe uwe juu yake."

"Sawa."

"Hata hali zetu huulizi?"

"Hamjambo?"

"Hatujambo. Haya, kazi."

Huyo ndiye Kimya, na aliyempa jina hilo hakumwonea. Zamani pikipiki ile ndiyo iliyokuwa ikipeleka nguo za Sindano kwa wateja. Kimya mbele, Sindano nyuma na furushi mapajani, mtaa kwa mtaa, yeye akimwaga maneno na Kimya akijibu moja, na hilo moja likimtosha mpaka nyumbani. Kisha Kimya akapata kazi mbali, kwenye mitambo ya kuchimba visima, kazi ya kuhama kila kisima kikitoa maji. Shangazi akasema hamwozi mtoto wake kwa mtu asiyejua kesho atalala wapi. Kimya hakubishana. Aliiingiza pikipiki stoo, akamkabidhi Sindano ufunguo wake, akasema, "Nitaifuata." Pikipiki. Hakutaja kingine.

Alikuwa akipiga simu, lakini simu zenyewe! Alisalimia, akaulizwa habari, akasema nzuri, kisha akabaki akipumua tu. Sindano aliongea kwa niaba ya wote wawili mpaka maneno yakamkauka. Jioni moja, akiwa amechoka, amemkumbuka na hasira zimempanda, akamwambia, "Sikiliza. Kama huna la kusema usinipigie. Siku ukiwa nalo, ndipo upige." Akakata. Alitegemea simu italia tena kabla hajaiweka mezani. Haikulia. Haikulia wiki ile, wala mwaka ule, wala miaka iliyofuata.

Sasa mwenye simu alikuwa uani kwake akifungua kufuli la stoo kwa ufunguo wa Shangazi. Sindano alipiga moyo konde, akabeba kikapu cha vifungo ili mikono iwe na shughuli, akatoka.

"Kumbe takataka yenyewe ndiyo hii," alisema.

Kimya aligeuka. Akamtazama kama mtu anayesoma maandishi madogo, taratibu, asikose neno.

"Sindano."

"Jina bado unalikumbuka. Nani kakuita?"

Kimya alimtazama Shangazi.

"Mimi," Shangazi alisema. "Siwezi kupokea wageni wa posa, ndugu za mwenye duka la vitambaa, huku pikipiki ya mwanamume mwingine imelala stoo kwangu. Kitu cha mtu kinarudi kwa mwenyewe, na sisi tunaendelea na maisha yetu. Kuna ubaya gani?"

Sindano alikaa kwenye kigoda karibu na ukuta, akatoa koti la mteja lililohitaji vifungo, na donge lake la nta. Uzi wa vifungo vya koti lazima upitishwe kwenye nta, la sivyo hukatika upesi, na kwa kupitishwa nyuzi miaka yote donge lile lilikuwa na mifereji pande zote na vinyuzi vya kila rangi vimenasa ndani.

Kimya aliingia stoo, akakuta pikipiki imevikwa turubai. Halikuwa turubai la kutupiwa tu. Lilikuwa limekatwa kwa kipimo, likashonwa likaukumbatia usukani vizuri, na pale palipotokeza vioo palikuwa na matundu mawili yaliyopindwa kingo. Alipitisha kidole kwenye mshono.

"Nani kashona?"

"Vumbi lilikuwa linaharibu vitambaa vyangu," Sindano alijibu upesi mno. "Mimi habari za pikipiki yako sizijui. Sijaingia humo tangu uondoke."

Shangazi alikohoa, kikohozi kikavu kisicho na mafua.

Kimya alivua turubai. Vioo viling'aa. Pikipiki ilikuwa imesimamishwa juu ya matofali ili matairi yasibonyee upande mmoja. Aliyatazama matofali, akamtazama Sindano.

"Na haya yamejileta?"

"Panya," alisema Sindano, uso mkavu.

"Panya wa hapa wana nguvu."

Sindano aliinama haraka kwenye kifungo chake. Alijikasirikia kwa jinsi midomo ilivyotaka kucheka bila ruhusa yake.

Kimya alianza kazi kwa utaratibu. Kwanza alimwaga petroli ya zamani, kidogo iliyokuwa imebaki, nyeusi nyeusi na yenye harufu kali ya rangi ya mlango. Akamimina petroli mpya, akajaza tangi. Plagi ilitoka imekauka na kutu pembeni, akaisugua mpaka ncha yake ikaonekana. Betri ilikuwa imekufa siku nyingi, basi akachomeka ufunguo aliorushiwa na Sindano, akategemea mguu wake. Alipiga kiki, haikuitika. Akapiga tena, pikipiki ikakohoa. Akapumzika, akafuta jasho, akapiga kiki moja ya nguvu, na uani kote kukajaa moshi na mngurumo.

Shangazi alipiga kofi moja la furaha kabla hajakumbuka msimamo wake.

Sindano yeye aliacha kushona. Mngurumo ule aliujua. Alikuwa akiusikia kutoka mbali zamani na kuvua tepu ya kupimia shingoni kabla pikipiki haijafika getini. Leo ulimaanisha anaondoka.

"Haya," alisema Kimya, akamtazama, akafungua mdomo. Akaufunga. Akapanda, akatoka getini.

Sauti ilipita nyumba ya kwanza, ikapita ya pili, ikafika konani kwa kinyozi. Hapo ikapungua, ikakatika, ikajikaza kidogo, ikafa.

Sindano alijikuta anatabasamu. Aibu iliyoje, kufurahia mtu kuharibikiwa! Lakini ukweli ndio huo, alifurahi mpaka sindano ikamchoma kidole.

Baadaye kidogo Kimya alirudi akiisukuma.

"Imekataa?" Shangazi aliuliza, akitazama jua.

"Imezima. Kabureta chafu."

"Basi safisha. Wageni hawangoji kabureta."

Alitandika kipande cha kitambaa alichopewa na Sindano, akafungua kabureta vipande vipande. Ndani ulikuwa umeganda utando wa kijani. Palikuwa na tundu dogo la kupitisha petroli, dogo kiasi cha kulitazama kwa kulielekeza kwenye jua, na lilikuwa limeziba kabisa. Sindano alimwona akitafuta cha kulizibulia, akamnyooshea sindano yake nyembamba kuliko zote.

"Hii haifai?"

"Hapa haifai. Inapanua tundu, injini inakunywa kupita kiasi."

"Kwa hiyo mimi siku zote ninaharibu."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema. Ndiyo shida yako."

Kimya aling'oa unywele mmoja wa brashi ya nguo, akalizibua tundu kwa huo, polepole, ulimi ukiwa umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo. Sindano alikuwa amesahau ulimi ule. Ulimkumbusha mambo yote mengine.

"Ni mtu mzuri?" Kimya aliuliza, bila kuinua kichwa.

"Nani?"

"Wa duka."

"Mzuri sana. Anaongea. Nikiingia dukani ananiuliza nimeamkaje, nimekula nini, macho yanauma au hayaumi."

"Vizuri."

"Akisafiri ananipigia simu. Ananieleza mpaka watu aliokaa nao kwenye basi."

"Vizuri."

"Hivi Mungu alikupa neno moja tu?"

Kimya aligeuza spana mkononi, akaitazama kama vile ndiyo iliyoulizwa. "Nauliza," alisema mwishowe, "kwa sababu ukisema ni mtu mzuri, nitaondoka na moyo mweupe."

"Moyo mweupe," Sindano alirudia. Akauma uzi akaukata kwa meno, ingawa mkasi ulikuwa mapajani.

Kabureta lilirudishwa, pikipiki ikawaka, safari hii kwa mngurumo laini zaidi. Ikatoka getini. Ikafika konani kwa kinyozi, ikafa.

"Karibu tena!" sauti ya kinyozi ilisikika mpaka uani.

Kimya aliisukuma akairudisha. Alifungua kifuniko cha tangi, akachungulia, petroli tele. Akafunga, akapiga kiki, ikawaka mara moja kana kwamba haijawahi kusumbua mtu. Akatoka. Ikafa konani, kinyozi akacheka. Kimya aliporudi alifungua koki ya petroli, akakuta chujio lake lina kutu kidogo, akalisafisha. Akapuliza mpira wa kupitisha petroli mpaka mashavu yakavimba. Akachungulia tangi. Akafunga. Ikawaka. Akaondoka, na wote uani wakasubiri, Shangazi akiwa na kitambaa cha kufutia vikombe, Sindano akiwa na kifungo kisichopata tundu. Ilipofika konani, ikafa.

"Huu ni uchawi au ni makusudi?" Shangazi alimuuliza aliporudi, shati limemganda mgongoni.

"Si makusudi, Shangazi."

"Maana kama ni makusudi niambie mapema nikavae viatu, niisukume mwenyewe mpaka kwenu."

Akaingia ndani akilalamika. Uani wakabaki wawili na pikipiki. Kimya alikuwa amechoka sasa. Aliegemea tangi kwa mikono miwili, jasho likimdondoka kidevuni.

"Kaa kwanza," alimwambia, sauti imelainika. Akamletea maji. Alikunywa yote amesimama.

"Nitazame mafuta tena," alisema, akafungua kifuniko.

"Hiyo sauti ni ya nini?"

"Ipi?"

"Hiyo. Kila ukifungua, inavuta pumzi. Fyuu! Nimeisikia kila mara. Kama mtu aliyekuwa amefunikwa mto usoni."

Kimya aliganda. Akafunga kifuniko, akaiwasha pikipiki palepale uani, akaiacha ingurume. Walisimama wakiisikiliza. Baada ya muda ikaanza kulegea, ikawa inataka kufa. Akafungua kifuniko. Fyuu! Na pikipiki, haikufa. Ikajikusanya, ikaendelea kunguruma kama kawaida.

"Hewa," alisema Kimya, na kwa jambo hilo maneno yalimtoka bila kusukumwa. "Tangi linatakiwa kuvuta hewa. Petroli ikishuka, hewa iingie mahali pake, na isipoingia petroli inabanwa, haishuki. Mimi kila nikifungua kutazama mafuta nilikuwa nailisha hewa, halafu ninaondoka nikidhani nimetengeneza. Kifuniko kina katundu hapa juu, ka kupumulia, labda kutu imeziba..."

Alizima injini, akageuza kifuniko juani. Akakwangua kwa kucha. Haikuwa kutu. Kilichotoka kilikuwa laini na cha njano, kimeshindiliwa vizuri na kusawazishwa kwa kidole, na ndani yake kulikuwa na kinyuzi cha zambarau.

Hapo ndipo Sindano alipokumbuka, na damu yote ikampanda usoni.

Ulikuwa msimu wa mvua, kabla hajashona turubai, mwaka ambao bati la stoo lilivuja. Aliingia na ndoo, akaona matone yanadondoka juu ya tangi, taratibu, pale pale penye katundu kale. Aliwaza maji yakiingia, tangi likioza kutoka ndani, na mwenyewe akirudi siku moja akute pikipiki yake imekufa mikononi mwa mtu aliyepewa ufunguo aitunze. Akaenda akachukua nta. Mshonaji hajui tundu lenye faida isipokuwa la kifungo. Aliziba, akasawazisha kwa kidole gumba, na akaondoka akijisifu.

Kimya alitazama nta iliyokuwa kwenye kucha yake. Akatazama donge lililokuwa mapajani mwa Sindano, na vinyuzi vyake vya kila rangi.

"Sijaingia humo tangu uondoke," alisema polepole, akirudia maneno ya Sindano.

"Panya," alisema Sindano.

Machozi aliyokuwa ameyapangia siku nyingine yakaamua ni leo. Kimya alichuchumaa mbele ya kigoda. Hakumgusa, mikono ilikuwa na grisi.

"Uliitunza," alisema.

"Nimeinyonga. Si umeona?"

"Uliitunza."

"Mbona hukupiga simu?" Lilimtoka kwa nguvu kuliko alivyokusudia. "Hata mara moja! Nilikuwa nabeba simu mpaka bafuni. Shangazi ananiona, ananyamaza. Mbona hukupiga?"

"Ulisema nisipige mpaka niwe na la kusema."

"Miaka yote hiyo? Umechimba visima vyote hivyo, mtu mzima, hukupata la kusema?"

"Nilikuwa nalo." Alijifuta grisi mapajani. "Lilikuwa moja. Kila siku lilikuwa hilohilo moja. Nikawa nachukua simu, nasema nikilitamka litaisha, halafu nitabaki napumua tena, atakata. Nikawa natafuta la kuongezea. Sikulipata."

Sindano alimtazama kwa mdomo wazi. Alitaka kumpiga na koti la mteja. Alitaka kumkumbatia na grisi yake yote. Jamani, kuna watu wameumbwa wawatoe wenzao roho kwa adabu.

"Wewe mtu wewe!" alisema. "Nilikuwa nataka unibishie. Nilikata ili unipigie. Hata mtoto mdogo angejua!"

"Mimi nilidhani umesema ulichosema."

"Ndiyo shida yako!"

"Najua."

Kisha Sindano aliinua uso akamwona Shangazi mlangoni, kitambaa cha vikombe begani, na haikujulikana alikuwa amesimama pale tangu lini. Kimya aliinuka haraka.

"Imepona, Shangazi. Naondoka."

"Nani kakwambia uondoke? Kaa chini."

Akakaa chini, kwenye matofali.

"Mimi sikukukataa kwa ubaya," Shangazi alisema. Sauti yake haikuwa ya ugomvi, na kwa sababu hiyo iliwatisha zaidi. "Nilikukataa kwa sababu huyu nimemlea. Nilimwona akingoja simu. Nilimwona akiingia stoo kila Jumapili na kitambaa cha kufutia vioo, akitoka anasema alikuwa anatafuta mkasi. Mkasi uko shingoni kwake. Unadhani inafurahisha? Mtu wako anakauka mbele ya macho yako na hutakiwi kusema?"

"Shangazi, kumbe ulijua," Sindano alisema.

"Nina macho, mwanangu."

"Basi ungemwita mwenye gari aipakie aondoke nayo. Kwa nini ulimwita yeye?"

Shangazi alikunja kitambaa chake, akakikunjua. "Kwa sababu ungemwambia yule wa duka ndiyo huku nusu yako iko stoo. Nilitaka umwone huyu usoni kwanza. Ukimwona ukasema yameisha, nitajua yameisha kweli. Nilidhani atafika, atawasha, ataondoka, na utakuwa umeona." Akaitazama pikipiki kwa chuki. "Sikujua kama na hii nayo ina maoni yake."

Sindano alicheka na machozi yakiwa bado yanamtoka. Kimya hakucheka. Alisimama, akamkabili Shangazi, na ilionekana wazi anajikaza kama anayebeba mzigo mzito.

"Shangazi. Nimeacha kuhama. Nimepata karakana, natengeneza pampu za visima. Iko mahali pamoja, ina mlango. Sikuja kuharibu jibu la mtu. Ulinipigia ukasema niondoe pikipiki, nikaja. Lakini ukiniuliza nilikuja kufanya nini, si pikipiki."

Kwa Kimya hiyo ilikuwa hotuba. Shangazi aliihesabu hivyo pia, maana alimwangalia kwa muda akasema, "Kumbe unaweza."

Kisha akamgeukia Sindano. "Wageni watakuja. Mimi niwajibu nini?"

Sindano aliinuka, akajifuta uso kwa kipande cha bitana. Alimfikiria mwenye duka, na vile vipande alivyokuwa akiongeza na kujifanya amekosea. Moyo ulimuuma kwa ajili yake.

"Wasije," alisema. "Nitakwenda kumwambia mwenyewe, dukani, kabla ndugu zake hawajatoka nyumbani. Hastahili kukataliwa mbele ya ndugu zake, tena vikombe vikiwa vimeshaoshwa."

"Hiyo ni haki," Shangazi alisema. Akaweka mkono shavuni mwa Sindano, haraka, kama anayepima homa. "Nenda basi. Na wewe," akamnyooshea Kimya kidole, "nikimwona tena anabeba simu bafuni, nitakufuata kwenye hiyo karakana yako yenye mlango."

"Ndiyo, Shangazi."

Kimya alinawa grisi mpaka mikono ikawa myekundu, akapuliza katundu ka kifuniko, akakatazama juani, akafunga. Pikipiki iliwaka kwa kiki ya kwanza.

"Nipeleke mpaka kwa kinyozi tu," Sindano alisema akipanda. "Kutoka pale nitatembea. Mtu mwema hakataliwi na mwanamke aliyeshuka kwenye pikipiki ya mwingine."

Walipita nyumba ya kwanza, wakapita ya pili. Sindano alishika kiuno alichokuwa amekizoea, akasikia mgongo ule umekakamaa kwa hofu ya kona. Kona ikafika. Kinyozi alikwisha kutoka nje na wembe wake mkononi, tayari kucheka. Pikipiki haikukohoa. Iliendelea kunguruma mpaka Kimya mwenyewe alipoizima, na kinyozi akarudi ndani amekosa cha kucheka.

Sindano alishuka, akanyoosha gauni.

"Nikirudi nikukute."

"Utanikuta."

Akaanza kutembea. Duka la vitambaa lilikuwa mwisho wa barabara, na hatua zake zilikuwa nzito, kwa sababu kumuumiza mtu asiye na kosa si kazi nyepesi hata ukiwa na furaha kiasi gani. Hakuwa amefika mbali simu ikalia mkobani. Aliitoa, na jina lililoonekana halikuwa limeonekana pale miaka na miaka. Akageuka. Kimya alikuwa palepale konani, amekaa juu ya pikipiki, simu sikioni, anamtazama.

Akapokea.

"Haloo?"

"Ni mimi."

"Nakuona."

"Nina la kusema."

Akabana simu sikioni kwa mikono miwili. "Sema."

"Ni fupi."

"Liseme hivyohivyo."

"Nakupenda, Sindano. Kila siku ni hilohilo. Nikishalisema sina jingine."

Watu walikuwa wakipita, mwanamke mmoja na ndoo, mwingine na mzigo wa magazeti, na hakuna aliyejua kwa nini mshonaji yule amesimama katikati ya njia anacheka huku machozi yanamtiririka.

"Nimesikia," alisema. "Usikate."

"Sina la kuongeza."

"Usiongeze. Usikate tu."

Akageuka, akaendelea kutembea kuelekea dukani, simu sikioni, akimsikiliza anavyopumua.